Chupa Tuliyokataa Kuuza Bariadi: Khabari ya Ngozi Inayobabuka Kando ya Stoma

Mwaka 2019, kama ilivyokuwa mwaka 2018, sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika katika viwanja vya Nyakabindi, karibu na mji wa Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Wajumbe watatu wa chama chetu tulikwenda huko. Tulivuka bahari mpaka Dar es Salaam, tukashika njia ya Dodoma, Singida na Shinyanga, tukapita Maswa, na mwisho tukafika katika nchi tambarare ya pamba na ng'ombe, ambayo mwezi wa Agosti ni kavu na ya vumbi, na haina mkarafuu hata mmoja. Mkoa wenyewe ni mpya. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga. Wenyeji wake wengi ni Wasukuma, nao kwa kulima pamba hawahitaji kufundishwa na mtu.

Tulitandika meza yetu: karafuu kavu ndani ya vikapu, makonyo, na chupa ndogo ndogo za mafuta ya karafuu. Khabari za maonyesho tulizieleza tuliporudi, lakini jambo moja hatukulieleza. Tulidhani halihusu chama cha wenye mikarafuu. Tangu hapo tumeona kwamba linatuhusu sana, kwa sababu linahusu chupa tunayoiuza, na kwa sababu nyumba zenye mtu wa namna hii zipo hata miongoni mwetu, ila haziseminwi. Basi leo tunalieleza.

MTU ALIYEKUJA MEZANI

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, alitujia mkulima mmoja wa pamba kutoka upande wa Itilima, mtu wa makamo.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, baba. Karibu karafuu."

Akashika chupa, akainusa, akauliza: "Haya mafuta yanatuliza maumivu, au siyo?"

Tukamjibu kwamba ndiyo, watu wengi huyatumia kwa jino.

"Basi nipeni moja. Ni ya mdogo wangu. Alipasuliwa tumbo Mwanza, akawekewa mfuko. Sasa ngozi ya pembeni mwa mfuko imeliwa, inamuwaka kama amemwagiwa maji ya moto. Usiku halali."

Mmoja wetu alikwisha kuifunga chupa katika karatasi. Lakini nyuma ya yule bwana alikuwa amesimama mama mmoja aliyekuja kutazama karafuu, naye akasema kwa upole, "Wazee wangu, samahani. Mimi ni nesi. Nawaomba msimuuzie."

Hatutaficha kwamba tulichukia kidogo. Mfanyabiashara gani hupenda kuambiwa asiuze? Lakini yule mama alitueleza sababu kwa maneno machache, nasi tukairudisha chupa mezani. Kisha akauliza, "Huyo mdogo wako yuko wapi, baba?" Akaonyeshwa mti ulio mbali, nje ya uwanja. Kijana alikuwa amekaa peke yake chini ya mti ule, kanga ameizungusha kiunoni, kwa kuogopa watu wasije wakasikia harufu. Alikuja kuona maonyesho, lakini hakuweza kuingia.

Nesi alimchukua mpaka kwenye banda la afya, na kwa ridhaa ya kijana mwenyewe na kaka yake, tuliruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tuliyojifunza pale ndiyo haya.

STOMA NI NINI

Stoma ni mdomo wa utumbo uliotolewa nje ya tumbo na daktari, ili haja itoke hapo badala ya kupita njia yake ya kawaida. Ikiwa utumbo mpana ndio uliotolewa, huitwa kolostomi, na kinachotoka huwa kizito kidogo. Ikiwa ni utumbo mwembamba, huitwa ileostomi, na kinachotoka ni majimaji, nayo hutoka mchana na usiku. Mtu hawezi kuyazuia, kwa kuwa mdomo huo hauna msuli wa kuufunga. Ndiyo sababu hubandikwa mfuko.

Sababu za kufanyiwa hivyo ni nyingi. Kuna homa ya matumbo iliyotoboa utumbo. Ndiyo iliyompata kijana wa Itilima. Kuna utumbo kujisokota. Kuna saratani. Kuna ajali iliyopasua utumbo, na sisi wenye kupanda mikarafuu mirefu tusidhani kwamba hilo liko mbali nasi. Kuna watoto wachanga waliozaliwa bila ya njia ya haja, au ambao utumbo wao wa chini hauwezi kusukuma. Kwa wengine stoma ni ya miezi michache, utumbo unapona kisha unarudishwa ndani. Kwa wengine ni ya maisha.

Watu wa Simiyu wenye maradhi makubwa ya namna hii mara nyingi hupelekwa Bugando, ile spitali kubwa iliyo juu ya kilima mjini Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwaka 2019 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa juu ya wagonjwa wao wenye stoma, watoto na wakubwa, na kubabuka kwa ngozi ni moja katika matatizo waliyoyataja. Kwa hiyo yule kijana hakuwa na ugonjwa wa ajabu, wala hakurogwa.

Jambo moja lililotushangaza ni hili: stoma yenyewe haiumi. Ni nyekundu na yenye unyevu, kama upande wa ndani wa mdomo, na ikiguswa huweza kutoa damu kidogo, lakini haisikii maumivu. Kinachouma ni ngozi inayoizunguka.

KWA NINI NGOZI INABABUKA

Tumbo la mtu lina maji makali ya kuyeyusha chakula: nyama, mafuta, wanga, vyote huyeyushwa. Maji hayo hayajui kuchagua. Yakiwa ndani ya utumbo yanafanya kazi yake. Yakimwagika juu ya ngozi na kukaa, huanza kuiyeyusha ngozi vile vile. Yale ya utumbo mwembamba ni makali zaidi, ndiyo maana mwenye ileostomi hubabuka upesi kuliko mwenye kolostomi.

Basi nesi alisema neno ambalo tunaomba kila msomaji alishike, maana mengine yote yametoka hapo: Ngozi iliyobabuka kando ya stoma haikosi dawa, inakosa kinga. Ukiipaka dawa nzuri kuliko zote duniani, na huku yale majimaji yanaendelea kuifikia, hutaona nafuu. Ukiyazuia yasiifikie, mara nyingi itapona katika siku chache hata bila ya dawa kubwa.

Kisha akaubandua mfuko wa kijana taratibu, akaugeuza nyuma, akatuonyesha. Mfuko una bamba linalonata, na katikati ya bamba pana tundu la kupitisha stoma. Upande wa chini wa bamba ulikuwa umeloa na kulika, upande wa juu ulikuwa mzima. "Tazameni," alisema, "bamba lenyewe linatuambia panapovuja." Akalinganisha tundu na stoma. Stoma ilikuwa ndogo, tundu lilikuwa pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ngozi yote iliyobaki wazi kati ya stoma na bamba ilikuwa imeiva na kutoa maji.

Ilikuwaje? Stoma mpya huwa imevimba, na katika wiki sita mpaka nane za mwanzo hunywea. Kijana alikuwa akikata tundu kwa kipimo cha siku aliyotoka spitali, ilhali stoma yake ilikwisha kupungua. Tena, kwa kuwa mifuko ni ghali na yapatikana mbali, alikuwa akiuacha mfuko mmoja zaidi ya wiki, na ulipovuja alikuwa akiuzungushia kitambaa juu. Kitambaa kilificha uvujaji, hakikuuzuia.

NAMNA YA KUITULIZA

Hizi ndizo hatua alizozifanya nesi mbele yetu, nasi tuliziandika moja moja.

Kwanza, kuubandua mfuko kwa upole. Usiuvute kama unayepasua nguo. Mkono mmoja ushike ngozi, mwingine ubandue kuanzia juu kwenda chini, na maji ya uvuguvugu yasaidie. Ngozi yaweza kuchunwa na gundi peke yake, kabla ya haja kuigusa.

Pili, kuosha. Maji safi ya uvuguvugu na kitambaa laini yanatosha. Sabuni yenye manukato, dawa za kuulia vijidudu, spiriti na dettoli visiletwe hapo. Wala pamba ya kuchambuka isitumiwe, kwani nyuzi zake hunasa juu ya stoma na ngozi. Hapo yule mkulima alicheka, akasema, "Pamba yetu nayo imekataliwa!" Nesi akamjibu kwamba pamba iliyofumwa kuwa kitambaa laini ndiyo bora, ila iliyo nyuzi nyuzi ndiyo isiyofaa.

Tatu, kukausha. Gusa gusa kwa kitambaa kikavu, usisugue. Kama ipo nafasi, iache ngozi ipigwe na hewa kwa dakika chache. Wakati mzuri wa kazi hii ni asubuhi kabla ya kula, kwa sababu saa hiyo utumbo hutoa kidogo.

Nne, kupima. Kata karatasi yenye tundu, uijaribu juu ya stoma mpaka ikae sawa, ndipo uchore juu ya bamba. Tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu pande zote. Likiwa dogo zaidi litaikata stoma. Likiwa kubwa zaidi litaiacha ngozi wazi. Katika wiki zile za mwanzo upime kila mara unapobadilisha.

Tano, unga. Pale palipobabuka na penye majimaji hunyunyizwa unga maalumu wa stoma, ambao hufyonza unyevu. Halafu ukung'utwe unga uliozidi, kwa sababu bamba halishiki juu ya unga mwingi. Ngozi nzima haihitaji unga.

Sita, kubandika. Kunja za ngozi zinyooshwe, bamba libandikwe, kisha likandamizwe kwa kiganja dakika moja au mbili, lipate joto la mwili likashika vizuri.

Baada ya hapo mfuko umwagwe unapofika theluthi moja au nusu, usingojwe ujae, maana uzito wake hulivuta bamba likabanduka. Bamba libadilishwe kila baada ya siku tatu au nne, au kama alivyoelekeza nesi wako. Lakini, na neno hili nesi alilirudia mara tatu, ukisikia panawasha au panawaka chini ya bamba, usingoje siku yake. Libandue siku hiyo hiyo. Kuwasha ni tarishi, amekuja kukwambia kwamba maji yamekwisha kupenya.

Akaongeza kipimo kimoja chepesi ambacho kila mtu aweza kukitumia bila ya nesi: ngozi ya kando ya stoma yapasa kuwa sawa na ngozi ya upande wa pili wa tumbo. Kwa sisi watu weusi wekundu hauonekani sana. Ngozi iliyoumia huonekana imekoza, au imepauka, au inang'aa kwa unyevu. Kwa hiyo linganisha pande mbili, usitafute wekundu peke yake.

SI KILA MUWASHO NI WA KUVUJA

Alitufundisha pia kusoma alama. Ukiona pamebabuka karibu na stoma tu, au upande mmoja, hiyo ni kuvuja. Ukiona ngozi imeharibika kwa umbo lile lile la bamba zima, kama aliyepigwa muhuri, huenda mwili umelikataa bamba lenyewe, na yafaa kujaribu la namna nyingine. Ukiona vipele vidogo vidogo vinavyowasha sana, vinatawanyika mbali na kile kidonda kikubwa, huenda ni ukungu wa ngozi, ambao hupenda penye joto na jasho. Huo una dawa yake, nayo hutolewa na daktari, na afadhali iwe ya unga kuliko ya mafuta. Ukiona vipele kwenye mashina ya malaika, basi ni nywele zinazong'olewa na gundi. Zipunguzwe kwa mkasi.

Katika nchi ya joto kama yetu na yao, jasho nalo hulegeza bamba. Kitambaa chepesi cha pamba kati ya mfuko na tumbo huondoa taabu hiyo, maana nailoni juu ya ngozi iliyoloa jasho huwasha yenyewe.

ASIYE NA MFUKO

Hapa kaka mtu aliuliza swali la haki kabisa: "Na mifuko ikiisha, nesi, na mimi pamba sijauza?"

Nesi hakumdharau. Alisema kwamba mfuko wa spitali ndio bora, na kwanza aulizwe nesi wa spitali iliyo karibu. Bariadi nayo siku hizi ina spitali ya rufaa ya mkoa. Lakini mtu asiye nao asikae akiliwa. Asafishe na kukausha vile vile, kisha apake juu ya ngozi, si juu ya stoma, tabaka nene la marhamu ya zinki, au vaselini ikiwa hiyo haipatikani. Marhamu hiyo ndiyo inayosimama badala ya bamba, ikazuia majimaji. Juu yake aweke kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa na kukatwa tundu, na juu ya kitambaa mfuko safi wa plastiki uliofungwa kwa mkanda wa nguo kiunoni. Kitambaa kikiloa kibadilishwe mara moja. Vitambaa vifuliwe, vianikwe juani. Mtoto mchanga mwenye kolostomi mara nyingi hufungwa nepi tu, na marhamu ikapakwa pembeni, naye akakua vizuri mpaka siku ya kurudishwa utumbo wake.

Ila mambo haya mawili yasichanganywe. Mwenye bamba linalonata asipake marhamu wala vaselini chini yake, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta. Hapo atakuwa amejiharibia kinga yake mwenyewe.

NA MAFUTA YETU JE?

Sasa tumefika kwenye chupa. Sisi hatuyadharau mafuta ya karafuu. Ndiyo riziki yetu, na mwenye kupita Wawi, Pemba, penye kiwanda cha makonyo, harufu yake humpokea kabla hajafika. Lakini mwenye mali ndiye anayepaswa kuijua mali yake, kwa wema wake na kwa ukali wake.

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kiitwacho yujinoli. Hicho ndicho kinachotia ganzi jino linalouma. Lakini mafuta hayo yakiwa mazima, bila ya kuchanganywa, huunguza hata ufizi, sembuse ngozi iliyokwisha kubabuka. Basi kwa mtu wa stoma yana madhara matatu. La kwanza, yanaunguza juu ya moto uliopo. La pili, yakimtia ganzi hata kidogo, hatausikia ule muwasho ambao ni tarishi wake, na majimaji yatakula ngozi naye hajui. La tatu, ni mafuta, na juu ya mafuta bamba halishiki, kwa hiyo yataleta uvujaji ule ule uliomsumbua.

Huenda mwanachama akasema, "Mbona daktari wa meno huchanganya mafuta ya karafuu na zinki akaziba jino?" Ni kweli, hufanya hivyo. Lakini jino ni kitu kigumu, na mchanganyiko ule hupimwa ukaganda kama saruji. Ngozi siyo jino. Tusichukue kazi ya mahali pamoja tukaipeleka mahali pengine kwa kuwa jina la dawa ni moja.

Hukumu hiyo hiyo ni ya mafuta ya nazi, mafuta ya mbegu za pamba, samli, majivu, majani ya kutwanga na dawa ya meno. Vyote hivyo watu huvipaka kwa kutaka kheri, na vyote humcheleweshea mgonjwa.

GUNDI YA MTI NDIYO ILIYOSAIDIA

Lakini msivunjike moyo, ndugu wakulima, mkadhani kwamba miti haina sehemu katika khabari hii. Wazee wetu waliuza sandarusi na ubani, na wanajua thamani ya gundi ya mti. Basi jueni kwamba ngozi ya watu wa stoma iliokolewa mara ya kwanza na gundi ya mti.

Zamani, mwenye stoma aliishi na vitambaa, makopo na mifuko ya mpira, na kubabuka lilikuwa jambo la kila siku. Mwaka 1952 daktari mpasuaji wa Cleveland, Marekani, aitwaye Rupert Turnbull, alianza kutumia unga wa gundi ya karaya juu ya ngozi ya wagonjwa wake. Karaya hutoka katika mti unaoota Bara Hindi, na unga wake ulikuwa ukitumiwa na watu kushikia meno ya bandia. Ukiguswa na unyevu huvimba, ukawa kama utelezi unaonata, nao hukaa kati ya haja na ngozi. Mwaka ule ule wa 1952, Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuukunjua mwisho wa utumbo mwembamba ukasimama nje kama chuchu, ili majimaji yamwagike ndani ya mfuko badala ya kutambaa juu ya ngozi.

Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, aliyemwona ndugu yake wa kike akikataa kutoka nyumbani kwa ajili ya stoma, alibuni mfuko wa plastiki wenye gundi ya kujibandika, unaotupwa ukishatumika. Na mwaka 1958 Turnbull alimwajiri Norma Gill, mwanamke aliyekuwa na stoma mwenyewe, awafundishe wagonjwa wenzake. Mwaka 1961 ikafunguliwa skuli ya kazi hiyo. Mabamba ya leo yamepita karaya, lakini asili ni ile ile: ndani ya mengi yao mna pektini, ambayo hutoka katika maganda ya matunda, na vitu vingine vinavyofyonza maji na kunata.

Angalieni, basi, kwamba hakuna hata mmoja katika hao aliyetafuta dawa ya kupoza moto. Wote walitafuta namna ya kuyaweka majimaji mbali na ngozi.

WAKATI WA KUKIMBILIA SPITALI

Yapo mambo ambayo si ya kutunzwa nyumbani. Stoma ikigeuka rangi ikawa ya zambarau, ya kahawia au nyeusi. Damu ikitoka isikome. Utumbo ukitoka nje mrefu kuliko kawaida, au ukizama ndani. Haja ikikoma kutoka na tumbo likaanza kuuma na kutapisha. Au mwenye ileostomi akitoa majimaji mengi kupita kiasi, mdomo ukakauka, mkojo ukawa mdogo na kichwa kikamzunguka. Huyu wa mwisho aanze kunywa dawa ya paketi ya kurudishia maji mwilini, ORS, hapo hapo, na asafiri huku akinywa. Hata kidonda cha ngozi tu, kikikaa zaidi ya siku chache bila ya nafuu baada ya kufuata hatua hizi, kionyeshwe.

Tumeulizwa pia khabari ya sala, kwa kuwa wako waliokwisha kuiacha kwa kuona kwamba hawana tohara. Hilo si letu kulitolea hukumu, lakini mlango wa mwenye udhuru u wazi tangu zamani. Mtu amwendee mwalimu wake, amweleze bila ya haya, asijifungie nyumbani kwa kudhania.

MWISHO WA KHABARI

Jioni ile Nyakabindi, baada ya kubandikwa mfuko mpya kwa kipimo sahihi, kijana alikaa kitako nusu saa akingoja uvuje. Haukuvuja. Akasimama, akatembea mpaka kwenye banda la ng'ombe, akatazama mafahali kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote tuliyemwona. Kaka yake alisimama nyuma yake, hakusema kitu. Alipopita tena mezani petu tulimpa konzi ya karafuu kavu za kutia katika chai, hatukutaka malipo.

Mwezi wa Januari wa mwaka 2020 alitupigia simu. Ngozi ya mdogo wake ilikuwa imepona ndani ya juma mbili. Wakati ule, alisema, alikuwa shambani anapalilia pamba, mfuko umefungwa vizuri chini ya shati. Walikuwa wakingoja mavuno yapite, waende Mwanza kurudishiwa utumbo. Baadaye tulipata khabari kwamba ulirudishwa salama.

Ndugu Wanachama, tunawaomba mambo mawili. La kwanza, mtu akija kununua mafuta ya karafuu, mwulizeni ni ya nini. Na akisema ni ya ngozi iliyobabuka kando ya mfuko wa tumbo, msimuuzie, mwelezeni sababu. Hasara ya chupa moja haitatufilisi. La pili, kama nyumbani kwenu yupo mtu aliyekaa chini ya mti wake, mbali na watu, mwendeeni. Mchukueni kwa nesi pamoja na mfuko wake, ugeuzwe nyuma, utazamwe panapovuja.